Sura Ambayo Sikuiona

Ipo jioni moja ya huku Rodi Kopany, karibu na Homa Bay, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata leo naisikia harufu yake: mafuta ya taa, samaki wa kukaangwa, na vumbi lililopigwa na mvua kidogo. Nilikuwa dukani kwa baba, nimeegemea dirisha la nyuma, sina kazi. Na wewe unanijua vizuri. Nikikosa kazi, macho yangu hujitafutia yenyewe.

Nakueleza haya kwa sababu ya ile video uliyonitumia juzi, ya kijana anayeshushwa kwenye gari la polisi akipelekwa kortini, na maneno uliyoandika chini yake: "Shangazi, mwangalie tu macho, si unaona ni muuaji?" Nimeitazama. Nimeirudia tena nikiwa nimevaa miwani. Nimemwona kijana mwenye pingu ambaye hajalala. Mengine sikuyaona, na habari ya kuona na kutoona naijua kidogo.

Basi turudi dirishani. Babu yako alihama Malindi akiwa kijana, akaja huku kuuza masufuria, leso na sabuni. Mimi nilizaliwa Rodi, nikacheza Rodi, na Kijaluo nakisema kama wenyewe. Nyuma ya duka letu kulikuwa na uwanja wa kuanikia mahindi, kisha njia nyembamba iliyopita kando ya shamba. Kutoka dirishani hadi njiani ni kama kutoka mlangoni kwenu hadi lango la msikiti. Jua lilikuwa limezama na giza halijakolea, ile saa ambayo kila mtu anamngoja mwenzake awashe taa. Nikamwona mtu akitoka upande wa shamba, amevaa ovaroli ya buluu, kofia kaishusha, anakwenda kwa haraka lakini hakimbii. Nikajiuliza, huyu naye anawahi wapi? Halafu mteja akaniita mbele, nikaenda kumpimia sukari.

Asubuhi yake Odhiambo alikutwa ndani ya shamba lile, amepigwa kichwani, amekufa.

Odhiambo alikuwa kijana wa hapo hapo Rodi, mchimba dhahabu kule Osiri, upande wa Migori. Akikaa huko siku za kazi, mwisho wa wiki anarudi kwa mama yake. Alikuwa mteja wetu, na alikuwa na kicheko cha kuamsha watoto waliolala. Mama yake tulimwita Min Odhi, yaani mama wa Odhi, kwa sababu hakuwa na mtoto mwingine wa kuitiwa jina lake. Nilipomwona siku ile ameshikiliwa na wanawake wenzake, nililia mpaka kichwa kikaniuma.

Soko halikuchelewa kumpata muuaji. Walisema ni Ochieng', rafiki yake Odhiambo. Walichimba shimo moja huko Osiri, na wiki ile ile walikuwa wamepigana mbele za watu. Mvua ilikuwa imenyesha, Odhiambo akataka washuke, Ochieng' akakataa, akasema udongo utawafukia, wakaitana majina mabaya hadi wakashikana mashati. Na wachimbaji huvaa ovaroli. Niliposema kituoni kwamba niliona mtu wa ovaroli ya buluu akitoka shambani, watu waliona mambo yamekwisha. Ochieng' akakamatwa, akawekwa rumande akingoja kesi ya mauaji.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Kesi ya mauaji haiharakishwi. Ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Muda wote huo watu walikuwa wakiingia dukani. Anayetaka sabuni na asiyetaka, wote walitaka kusikia.

"Zainabu, si wewe ndio uliona huyo mtu?"

"Mimi."

"Ako na ile alama hapa juu ya jicho, si uliiona?"

Ochieng' alikuwa na kovu juu ya jicho, kila mtu alilijua. Mara ya kwanza nilijibu kwamba sijui. Baadaye nikajibu kwamba huenda. Baadaye tena sikumbuki nilijibu nini, ila nakumbuka wateja walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Hawakuwa watu wabaya, mwanangu, wala hakuna aliyeniambia nidanganye. Walikuwa na uchungu. Kila mmoja alinunua kitu chake, akaniachia kipande cha sura: huyu kovu, yule mdomo, mwingine namna ya kutazama. Barua ya kuniita kortini ilipofika, mimi nilikuwa na mtu mzima kichwani. Nikifumba macho namwona anatoka shambani, anageuka, ananitazama, na kovu liko pale pale juu ya jicho. Usidhani nilikuwa naongeza chumvi. Nilikuwa namwona kabisa, kama ninavyokuona wewe ukija Idi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuniuliza, naye ni Min Odhi. Alikuja kununua chumvi au kiberiti, akasalimia, akaenda zake. Nikadhani hana nguvu za kusikia.

Wiki ya kesi ilipofika alikuja jioni, hakununua kitu. Alisimama katikati ya duka, mrefu, mkavu, leso ya manjano begani.

"Nyara," akaniambia. Ndivyo Wajaluo wanavyomwita binti. "Siku hiyo ulisimama wapi?"

"Pale dirishani, mama."

"Enda usimame hapo. Usitoke."

Akapita mlango wa nyuma, akavuka uwanja, akashika ile njia hadi akapotelea kwenye pembe ya shamba. Jua lilikuwa limezama vile vile, na taa hazijawashwa. Baba alinyanyua macho kwenye redio yake akaniangalia, nami nikainua mabega. Punde Min Odhi akatokea tena njiani, akapita mbele ya dirisha kwa mbali, akazunguka, akaingia dukani akihema.

"Umeona nini?"

"Nimekuona wewe, mama. Leso ya manjano. Unatembea polepole, mguu wa kushoto unakusumbua."

"Na uso?"

"Uso wako, mama. Ulikuwa na huzuni."

"Huzuni!" akasema. "Nilikuwa nimekutolea ulimi. Kutoka hiyo kona ya shamba mpaka hapa kwa mlango, ulimi iko nje kama ya mbwa."

Baba alikohoa. Mimi nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyeshtuka. Min Odhi naye akacheka kidogo, na ile ndiyo mara ya kwanza niliyoona meno yake tangu mazishi. Kisha akanisogelea, na mimi nikatamani niwe mahali pengine.

"Sasa niambie ukweli. Hiyo uso ya Ochieng', uliona? Ama ni sisi tulikupatia?"

Nilikasirika. Nilikuwa msichana aliyezoea kusifiwa kwa macho yake makali, na sasa mama mmoja ameyapima kwa ulimi wake. Nikamwambia neno ambalo sikupaswa kumwambia mama aliyefiwa. Nikasema, "Kwani mama hutaki aliyemuua Odhi afungwe?"

Baba akaita jina langu kwa sauti ya kunionya. Lakini Min Odhi alimwinulia mkono, akanijibu mwenyewe.

"Wewe msichana, nyinyi wote mnataka mtu afungwe. Mimi nataka kujua ni nani. Hiyo ni vitu mbili. Unajua tangu tumzike Odhi sijakula na mtu?"

Sikujua. Nilijua kama kila mtu wa Rodi kwamba Min Odhi hali matangani, hali kanisani, akipelekewa chakula anasema ameshiba. Tulisema ni majonzi. Na ile mila niliijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuiweka pamoja na mama huyu. Kwa Wajaluo, damu ikimwagika, mwenye kufiwa na mwenye kuua hawatii mikono kwenye chakula kimoja. Mama akila na aliyemuua mwanawe, amejiletea chira, ile balaa inayokausha mtu na nyumba yake. Wazee hawafanyi mchezo na jambo hilo, hata wale wanaokwenda kanisani kila Jumapili.

"Wananiletea kuon na mboga," akasema; kuon ndio ugali. "Majirani. Watu wa nyumba yetu. Wenye walichimba kaburi. Mimi naangalia tu mikono. Sijui ni mkono gani. Sasa mkifunga Ochieng' na si yeye, mtafurahi, mtaniambia, mama, imeisha, kula. Na mimi nitakula, kwa sababu nimechoka kukaa peke yangu. Na huyo mwenye aliniulia mtoto atakuwa amekaa hapo kando yangu, tunachovya sahani moja."

Alikunja leso yake vizuri begani.

"Kama uliona uso, sema. Nitakushukuru mpaka nikufe. Kama hukuona, usinipatie uso ya uongo. Ni mimi nitakula nayo."

Akatoka. Baba alizima redio, tukafunga duka. Aliniambia tu nivae vizuri siku ya korti na niwahi gari la kwanza la kwenda Homa Bay.

Pale kortini, mwanangu, utakuja kujua kwamba shahidi ambaye hajatoa ushahidi haruhusiwi kuingia kusikiliza wengine. Nilikaa nje kwenye benchi, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu. Nilisikia viti vikiburutwa ndani nikataka kujua ni vya nani. Nilipoitwa, niliapa kwa Kurani, nikasimama, nikamwona Ochieng' kizimbani. Alikuwa amekonda rumande. Kovu lilikuwa pale.

Na hapa nataka unielewe. Hata baada ya ule ulimi, sura haikuondoka kichwani mwangu. Nilipomtazama Ochieng', mtu wa njiani aligeuka tena na kunitazama, kwa kovu lile lile, macho yale yale. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kama nikiyaamini macho yangu, huyu kijana hatoki tena. Nisipoyaamini, huenda namfungulia mlango muuaji wa Odhi. Wakili wa serikali akaniuliza niliona nini, nikaeleza: saa, dirisha, njia, ovaroli, kofia, mwendo. Akaniuliza kama mtu huyo yumo mle ndani.

Nilijiuliza kimya kimya, je, siku ya kwanza kabisa, kabla sijaulizwa na mtu yeyote, nilikuwa nimeona nini? Nikamkumbuka mteja wa sukari. Nilikuwa nimempimia bila hata kumtajia yule mtu, kwa sababu hapakuwa na la kutaja. Ovaroli, basi.

"Sijui," nikasema. "Sikuuona uso wake."

Wakili wa serikali aliuliza tena, kwa upole, halafu kwa ukali. Nikajibu vile vile. Nyuma yangu watu wa Rodi walianza kunong'ona hadi jaji akawataka watulie. Nilimtafuta Min Odhi kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, na sikuweza kujua amefurahi au amevunjika.

Nilipokwisha kutoa ushahidi wangu niliruhusiwa kukaa ndani, na kuanzia siku hiyo sikukosa hata kikao kimoja. Mtu anaambiwa kesi ni makelele na vidole vinavyooneshwa. Kumbe ni kusubiri, na maswali madogo madogo. Polisi aliulizwa kama aliwahi kuhesabu watu wa Rodi wenye ovaroli za buluu, zile zinazouzwa kwa fungu siku za soko. Hakuwahi. Mwenzao wa shimoni aliulizwa kama Ochieng' alionekana Osiri jioni ile. Akasema hakumbuki vizuri. Mwisho jaji akasema hakuna ushahidi wa kumfanya Ochieng' ajitetee, akamwachilia.

Soko likanigeuka. Walisema tumehongwa. Watu waliotuuzia maziwa miaka yote wakapita mlango wetu wakitazama upande wa pili, na dukani ikawa ni mimi, baba na nzi. Nilimuuliza baba kama nilikosea. Akasema, "Ulichoapa umekitimiza. Panguza rafu." Nami nikapanguza, huku nalia.

Min Odhi akaendelea kula peke yake.

Ukapita msimu wa mahindi na mwingine. Halafu simu ya Odhiambo, iliyopotea siku ile, ikawashwa Migori mjini. Polisi wakaifuatilia kutoka kwa aliyeinunua hadi kwa aliyeiuza, na aliyeiuza alikuwa Oketch, mtoto wa shemeji yake Min Odhi. Nilipopata habari niliketi chini palepale nilipokuwa. Oketch ndiye aliyekuwa akimchotea maji yule mama. Yeye ndiye aliyelima shamba la Odhiambo wakati mwenyewe yuko Osiri, na Odhiambo alikuwa amemwambia sasa anataka shamba lake alime mwenyewe. Hata ile ovaroli alipewa na Odhiambo, ilikuwa yake ya zamani. Nilimkumbuka matangani, akibeba sufuria kubwa ya chakula kutoka kwa watu hadi kwa watu, na kila mara akianzia kwa Min Odhi, akimbembeleza aonje walau kidogo.

Kesi ya pili nayo nilihudhuria. Oketch mwishowe alikiri. Kabla ya hukumu jaji alimpa mama nafasi ya kusema lolote, na mle ndani tukajiandaa kwa kilio au laana. Min Odhi alisimama akasema hana maneno, ana swali moja kwa kijana, kama korti inakubali. Jaji akakubali.

"Oketch," akasema. "Odhi alisema nini mwisho?"

Oketch alishika ubao wa kizimba.

"Aliita jina yangu, mama."

Min Odhi akaitikia kwa kichwa, pole pole, akakaa. Baadaye aliniambia swali hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi kuliko yote: kama mwanawe alikufa akijua ni nani, au alikufa akijiuliza, kama alivyokuwa akijiuliza yeye mama.

Siku chache baadaye alikuja dukani amebeba jogoo hai kwapani. Akamwomba baba amchinje kwa mkono wake, ili sisi tuweze kula. Jioni tukaenda kwake. Ochieng' alikuwa amekuja kutoka Osiri, kavaa shati safi, hajui aweke wapi mikono. Min Odhi alituketisha kwenye mkeka mmoja, akaweka kuon moja na bakuli moja la mchuzi katikati yetu, akanawa. Akamega tonge, akachovya pale pale Ochieng' alipochovya, akala. Alikula sana, mwanangu. Alikula hadi mchuzi ukamtiririka mkononi, na machozi yanamtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sasa la kukuambia ni hili. Sikukatazi udadisi. Ningeanzia wapi, mimi? Jamii yetu yote tumezaliwa na shingo ndefu. Ninalokuomba ni usiuache njiani. Ukisikia mtu ameuawa, uliza, na ukipata jibu linalokufurahisha haraka, hapo ndipo uulize zaidi. Jiulize mwenyewe kwanza: hili nililiona, au nilipewa? Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda, usijifiche, useme ulichokiona, ukifika mwisho wake unyamaze. "Sijui" ni jibu kamili, na kuna siku litakugharimu wateja na marafiki. Ulitoe hivyo hivyo. Na kabla hujamtumia mwenzako picha ya mtu aliyefungwa pingu ukaandika kwamba ni muuaji, mfikirie mama mmoja mahali fulani ambaye ana haki ya kujua hasa ni nani, wala hafaidiki chochote na haraka yako. Ile video ifute. Kisha fuatilia kesi yenyewe mpaka mwisho, uje unihadithie, nitataka kujua kila kitu.

Mungu akupe macho yanayoona na ulimi usioyatangulia. Akulinde na mkono wa mtu mbaya, na akulinde pia usije ukawa mbaya kwa asiye na kosa. Kila utakapokaa kula, ukae na watu unaowajua, wakupende, na chakula kikushibishe. Amina, mwanangu.